Wikiendi ya mateke ya mwisho: yanayosemwa kuhusu Januari 2022 na yaliyotokea uwanjani

Kila Januari inapofika, mashabiki wa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, hurudi kwenye ubishi wa tarehe 22 na 23 Januari 2022. Zilichezwa mechi nne za robo fainali ya mtoano kwa siku mbili. Bengals waliwafunga Titans 19-16 mjini Nashville, 49ers wakawatoa Packers 13-10 kwenye theluji ya Green Bay, Rams wakawashinda Buccaneers 30-27 huko Tampa, na Chiefs wakamaliza kazi na Bills 42-36 mjini Kansas City. Tatu ziliamuliwa na teke la pointi tatu, la kupitisha mpira kati ya milingoti, lililopigwa saa ikiishia; ya nne ikaamuliwa na tachidauni (kuufikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani, pointi sita) ya muda wa nyongeza. Kwangu mimi hakuna wikiendi nyingine ya mchezo huu inayoifikia.

Tatizo ni kwamba kwa mtu wa Dar es Salaam au Mombasa, mechi ya Bills na Chiefs ilianza saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu, na ile ya Packers ilianza saa kumi na robo alfajiri ya Jumapili. Wengi wetu huamka tukakuta vipande vya video vya dakika tatu, na vipande hivyo ndivyo vilivyozaa maneno ambayo mpaka leo yanasemwa kana kwamba ni kweli tupu. Nayachukua yale ninayoyasikia mara nyingi.

“Sarafu ndiyo iliyowatoa Bills”

Hili ndilo kubwa, na lina nusu ya ukweli, kwa hiyo tuanze na nusu hiyo.

Mechi ilikuwa 36-36, ikarushwa sarafu kuamua nani aanze na mpira kwenye muda wa nyongeza. Josh Allen, kwotabeki wa Bills (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi), alichagua upande wa sarafu, ikaangukia upande mwingine. Chiefs wakaanza na mpira, wakacheza mara nane, wakakata yadi 75, na Travis Kelce akadaka tachidauni ya yadi 8. Kwa kanuni ya wakati ule, tachidauni kwenye zamu ya kwanza ilimaliza mchezo. Allen, aliyekuwa amerusha tachidauni nne usiku ule, hakuugusa mpira tena. Inauma, na ni haki iume. Tangu kanuni ile ianze kwenye mtoano mwaka 2010, mechi 12 zilifika muda wa nyongeza na walioshinda sarafu walishinda mechi 10. Takwimu hizo hazitetei kanuni hata kidogo.

Lakini sarafu haikuwa na kazi yoyote ya kufanya bila sekunde 13 zilizotangulia, na hapo ndipo video fupi zinapodanganya. Gabriel Davis alikuwa amedaka tachidauni yake ya nne, rekodi ya mtoano, na Bills wakawa mbele 36-33. Saa ilikuwa na sekunde 13. Mpira wa kuanzisha ukapigwa moja kwa moja hadi eneo la mwisho la Chiefs, na kanuni inasema mpira ukiishia huko bila kurudishwa, saa haitembei. Kwa hiyo Chiefs walianzia yadi yao ya 25 na sekunde zote 13 zikiwa mfukoni.

Hesabu kinachofuata, ukijua kuwa taimauti ni mapumziko mafupi ambayo timu huomba na saa husimama. Patrick Mahomes, kwotabeki wa Chiefs, kwa Tyreek Hill, yadi 19, sekunde 5. Taimauti. Mahomes kwa Kelce, yadi 25, sekunde 5. Taimauti. Zimebaki sekunde 3, Harrison Butker anapiga teke la yadi 49, linaingia. Sasa chukua sekunde 4 tu kwenye hesabu hiyo. Teke fupi la kubiringisha chini lingemlazimu mpokeaji auguse mpira na kukimbia, saa ikianza kutembea. Baada ya pasi ya Hill pangebaki sekunde 4, na pasi ya Kelce ingemaliza zote. Kuna wanaojibu kwamba mpokeaji angelala chini haraka. Angeweza, na hapo zingepotea sekunde moja au mbili tu. Bado ni bora kuliko sifuri.

Kisha tazama walinzi wa Bills kwenye pasi hizo mbili. Walikaa mbali sana nyuma na wengine wakalinda kingo za uwanja, kana kwamba Chiefs walihitaji kutoka nje ili kusimamisha saa. Hawakuhitaji, walikuwa na taimauti. Katikati ya uwanja pakawa wazi kabisa. Na hii ni timu ambayo ulinzi wake msimu ule ulikuwa wa kwanza katika ligi nzima, kwa yadi ilizoruhusu na kwa pointi. Ni kweli beki wao bora wa pembeni, Tre'Davious White, alikuwa nje kwa jeraha la goti tangu Novemba, lakini kukaa mbali na Kelce ulikuwa uamuzi wa benchi.

Wanaosema sarafu haishindwi wanasahau pia kilichotokea wiki moja baadaye. Uwanja uleule, tarehe 30 Januari, Chiefs walishinda sarafu tena, mara hii dhidi ya Bengals. Mahomes akarusha, Vonn Bell wa Bengals akaudaka mpira, na Bengals wakashinda 27-24. Ulinzi ulipofanya kazi yake, sarafu haikuwa na neno.

Kanuni ilibadilishwa Machi 2022 kwa kura 29 dhidi ya 3, ili kwenye mtoano kila timu ipate zamu. Niliunga mkono mabadiliko hayo na ninayaunga mkono hadi leo. Watu husema yalifanywa kwa ajili ya Bills, lakini Chiefs wenyewe waliwahi kuyaomba mwaka 2019, baada ya Patriots kuwafunga 37-31 kwa njia ileile huku Mahomes akiwa amekaa benchi. Hawakusikilizwa. Na kanuni mpya ilipotumika kwa mara ya kwanza, fainali ya Februari 2024, 49ers walianza na mpira wakapata pointi 3, Chiefs wakajibu kwa tachidauni na kutwaa kombe 25-22. Zamu mbili, mshindi yuleyule.

“Mpiga teke si mchezaji hasa”

Nalisikia hili hata kwa watu wanaoufahamu mchezo vizuri. Anakaa benchi saa tatu, anaingia, anapiga, anatoka. Hachafuki.

Evan McPherson wa Bengals alikuwa na miaka 22 na msimu mmoja tu wa ligi siku ile ya Nashville. Alipiga mateke manne ya pointi tatu na yote yakaingia, pamoja na moja la nyongeza baada ya tachidauni. Pointi 13 kati ya 19 za timu yake zilitoka mguuni mwake, na la mwisho lilikuwa la yadi 52.

Tuliangalie teke moja kwa karibu. Mpira unaposimama kwenye yadi ya 34 ya mpinzani, unarudishwa nyuma yadi saba au nane, halafu kuna yadi kumi za eneo la mwisho kabla ya milingoti, ndiyo maana teke linakuwa la yadi 52. Mtupaji anaurusha mpira kinyumenyume katikati ya miguu yake. Mshikaji aliyepiga goti anaudaka, anausimamisha kwa ncha, anauzungusha ili kamba zielekee milingotini. Mpigaji yuko tayari amekwisha kuanza kutembea. Yote hayo, tangu mpira uondoke hadi upigwe, yanachukua kama sekunde moja na theluthi, huku majitu ya kilo 130 yakija kuuzuia. Uwazi wa milingoti ni mita tano na nusu na kidogo. Mtupaji akikosea kwa kiganja kimoja, mshikaji anachelewa, na mguu unakuta mpira umelala.

Na hapa Packers ndio wa kutazamwa. Robbie Gould wa 49ers alipiga teke la ushindi la yadi 45 kwenye theluji, na Packers walikuwa na watu 10 uwanjani badala ya 11. Teke la kuamua msimu mzima, na mtu mmoja hayupo. Kabla ya hapo, Jordan Willis alikuwa amezuia teke la Packers la kuuondoa mpira eneo lao, Talanoa Hufanga akauokota na kukimbia nao yadi 6 hadi tachidauni. Kabla ya hapo tena, mwishoni mwa kipindi cha kwanza, Jimmie Ward alizuia teke la pointi tatu. Kwenye mechi iliyoisha kwa tofauti ya pointi 3, lile la Ward ndilo ninalolikumbuka kwanza, ingawa video fupi hulikata. Mashambulizi ya 49ers hayakupata tachidauni hata moja siku nzima, na wakaenda nusu fainali. Aaron Rodgers wa Packers akachaguliwa mchezaji bora wa ligi kwa msimu huo, na akabaki nyumbani.

“Theluji ya Green Bay huwashinda watu wa California”

Hapana. Januari 2014, kwenye baridi kali ya uwanja uleule wa Lambeau, 49ers walishinda 23-20 kwa teke la Phil Dawson saa ikiishia. Na hili la uwanja wa nyumbani kwa jumla liangaliwe vizuri: wikiendi ile wenyeji watatu kati ya wanne walitolewa, wakiwemo Titans na Packers, vinara wa pande zao mbili waliokuwa wamepumzika wiki nzima huku wengine wakiumizana.

“Kwotabeki akiangushwa sana, mechi imekwisha”

Joe Burrow wa Bengals aliangushwa mara 9 na Titans kabla hajaachia mpira. Ni idadi inayolingana na rekodi ya mtoano. Jeffery Simmons peke yake alimwangusha mara tatu. Ukiambiwa hivyo tu, utasema Bengals walipigwa kwa pointi 20.

Ila kumwangusha kwotabeki hukupa yadi, hakukupi mpira. Anayeangushwa mara 9 akaamka mara 9 na mpira mkononi bado ana zamu yake. Ryan Tannehill wa Titans hakupata taabu kama hiyo, lakini mipira yake mitatu iliishia mikononi mwa Bengals. Wa kwanza ulikuwa mpira wa kwanza kabisa wa Titans, Jessie Bates akaudaka. Wa pili Mike Hilton aliugonga mwenyewe akaudaka mwenyewe, Titans wakiwa karibu kufunga. Wa tatu, zikiwa zimebaki sekunde 20, Eli Apple aliugusa ukaruka juu na Logan Wilson akaupokea. Burrow akamrushia Ja'Marr Chase, waliyecheza naye chuo kikuu cha LSU, na McPherson akaitwa. Burrow alimaliza na yadi 348 za pasi akiwa amepigwa siku nzima. Ndiyo maana namheshimu kuliko wanaomzidi kwa takwimu.

“Brady aliirudisha Tampa peke yake”

Rams walikuwa mbele 27-3 katika robo ya tatu, kisha ikawa 27-27. Kwa kuwa Tom Brady, kwotabeki wa Buccaneers, aliwahi kutoka nyuma kwa 28-3 kwenye fainali ya Februari 2017 na kushinda, watu waliiona kama sinema ileile. Brady alikuwa mkubwa, sibishi. Lakini Rams walipoteza mpira mara nne kwa kuudondosha: Cooper Kupp mara moja, Cam Akers mara mbili, na mara moja mpira ulirushwa ukampita kwotabeki wao Matthew Stafford bila yeye kutazamia. Mara moja kati ya hizo za Akers ilikuwa mlangoni kabisa mwa Buccaneers kabla ya mapumziko. Angefunga pale, hadithi ya kurudi isingekuwepo.

“Mchezo husimama kila mara, hakuna kinachotokea”

Wapenzi wa soka ndio wanaosema hivi, na siwalaumu. Waliowahi kupima walikuta mpira uko mchezoni takriban dakika 11 tu katika mechi ya saa tatu. Ila muda wa kusimama ndio muda ambao makocha wanachagua, na uchaguzi huo ndio uliomaliza mechi ya Tampa.

Buccaneers walisawazisha zikiwa zimebaki sekunde 42. Kila aliyekuwa akitazama alitegemea muda wa nyongeza. Rams walianza yadi yao ya 25 na Stafford akaangushwa mara moja. Kisha Kupp akapata yadi 20. Hapo mchezo umesimama, na wakati huo Todd Bowles, aliyekuwa akiongoza ulinzi wa Tampa, akaamua kutuma watu wengi kumkimbilia Stafford badala ya kuwaacha nyuma walinde. Aliutaka mpira kabla Rams hawajafika umbali wa teke. Stafford aliona wanakuja, akarusha juu huku akipigwa, na Kupp alikuwa amekwisha kumpita beki wa nyuma kabisa. Yadi 44. Rams wote wakakimbia kujipanga, Stafford akaubamiza mpira chini kusimamisha saa zikiwa zimebaki sekunde 4, na Matt Gay akapiga teke la yadi 30. Gay alikuwa amechaguliwa na Buccaneers hao hao mwaka 2019 na kuachwa mwaka uliofuata. Tarehe 13 Februari alikuwa uwanjani SoFi na Rams, wakiwafunga Bengals 23-20 na kuchukua kombe.