Hifadhidata inatunza saa ya wapi?

Muhuri wa muda ni ile tarehe na saa ambayo hifadhidata huibandika kwenye rekodi: malipo yameingia lini, akaunti imefunguliwa lini. Kazi ni nyepesi mpaka watu wa kanda tofauti za saa waanze kusoma rekodi moja.

Tuseme malipo yametumwa Nairobi saa 8:30 mchana, ambayo kompyuta huiandika 14:30. Nairobi iko saa tatu mbele ya UTC, saa ya kimataifa inayotumika kupimia kanda zote. Goma iko saa mbili mbele. Kwa hiyo malipo hayohayo yametumwa 13:30 kwa aliye Goma, na 11:30 kwa UTC. Rekodi ikisema "14:30" tupu, hakuna wa kujua ni 14:30 ya wapi.

PostgreSQL, programu ya hifadhidata, ina aina mbili za safu kwa ajili hiyo. `timestamp` hutunza ulichoandika, basi. `timestamptz` huwachanganya wengi, kwa sababu jina lake (tz ni kifupi cha "time zone") linaahidi kutunza ukanda wa saa na haiutunzi kabisa. Inachofanya ni kuigeuza 14:30 ya Nairobi kuwa 11:30 ya UTC, kisha inautupa huo ukanda. Kinachobaki ni namba tu, mikrosekunde zilizohesabiwa kuanzia tarehe 1 Januari 2000. Ukiisoma, inageuzwa tena kufuata ukanda uliowekwa kwenye muunganisho wako. Zote mbili huchukua baiti 8, kwa hiyo kuikwepa `timestamptz` kwa kubana nafasi hakuna maana.

Kwenye MySQL, programu nyingine ya hifadhidata, mambo yamepinduka: `TIMESTAMP` ndiyo inayogeuza kwenda UTC, na `DATETIME` haigusi kitu. Tena `TIMESTAMP` hiyo haiwezi kutunza tarehe inayopita 19 Januari 2038.

Kwa yaliyokwisha kutokea, UTC inatosha. Miadi ya mbele ni habari nyingine. Misri ilirudisha saa za majira ya joto, yaani kusogeza saa mbele kwa saa moja miezi ya joto, mwaka 2023. Kikao cha Cairo cha mwezi Julai, saa 4 asubuhi, kikiwa kilishahifadhiwa kama 08:00 ya UTC kabla ya uamuzi huo, baada yake kingesomeka saa 5. Kwa miadi ya namna hiyo, tunza saa ya mahali pamoja na jina la ukanda, `Africa/Cairo`, wala si `+02:00`: jina hufuata sheria ya nchi inapobadilika, namba haifuati.