Tyubulesi kwenye pikipiki ya traiali: maana yake, na kwa nini tairi lake huonekana limeisha upepo

Ukimuuliza fundi pancha yeyote pale Mwanjelwa, jijini Mbeya, tyubulesi ni nini, atakujibu kwa maneno manne: tairi lisilo na tyubu. Yuko sahihi, na kwa mwenye gari dogo jibu hilo linatosha. Kwa pikipiki ya traiali halitoshi, kwa sababu kule tyubu haikuondolewa kwa ajili ya kukwepa pancha tu. Iliondolewa ili tairi liweze kutembea na upepo mdogo ambao tyubu isingeuvumilia.

Traiali ni mchezo wa pikipiki usio na mbio. Mwendeshaji husimama juu ya vikanyagio, kwa kuwa pikipiki yenyewe haina kiti cha kukalia, akapita kwenye mawe, magogo na vijito katika kipande kilichowekewa alama, bila kuweka mguu chini. Mguu ukigusa mara moja ni pointi 1 ya adhabu. Ukishindwa kabisa kukipita kipande ni 5. Mwenye pointi chache ndiye mshindi. Uskoti kuna mashindano ya siku 6 yenye umri wa zaidi ya karne, ambayo siku hizi makao yake ni mji wa Fort William. Ubingwa wa dunia ulianza 1975, na Mhispania Toni Bou ameushika tangu 2007. Huku Nyanda za Juu Kusini mchezo huu bado mgeni, ila uwanja wake tunao tele. Anayeijua miamba iliyotapakaa Iringa, au njia ya kupanda Kitulo kutokea Isyonje mvua ikiwa imenyesha, hahitaji kuelezwa.

Sasa upepo. Bodaboda ya kawaida hujazwa kama psi 30 (psi ni kipimo cha msukumo wa hewa). Pikipiki ya traiali hujazwa 5 au 6 mbele, na nyuma 4 hadi 5. Si makosa ya kuandika. Siku moja mteja aliniachia ya kwake kwa ajili ya cheni, na kijana ninayefanya naye kazi akabonyeza tairi la nyuma kwa kidole gumba, likaingia ndani kama embe lililoiva. "Bosi, hili limeisha upepo," akasema, huku ameshashika mpira wa kompresa. Nikamzuia. Tukaisukuma pikipiki taratibu juu ya jiwe lenye ncha lililokuwa mlangoni, nikamwambia ainame atazame ubavuni. Tairi halikulipanda lile jiwe. Lililizunguka, mpira ukashuka pande zote mbili za ncha mpaka jiwe likawa limezama ndani yake. Tairi la psi 30 lingegusa jiwe lile kwa eneo la sarafu, na likiwa limelowa lingeteleza. Lile laini lilikuwa limelishika kama kiganja.

Huo mshiko ndio kila kitu kwenye traiali, na ndio tyubu inaouharibu. Tairi likiwa na psi 5 na tyubu ndani, jiwe likilibana mpaka kwenye rimu, tyubu inakuwa katikati ya nyundo na fuawe. Inatoboka matundu mawili yanayotazamana, kama jino la nyoka lilivyoacha alama. Fundi mzoefu akiyaona tu anajua haikuwa msumari. Halafu kuna kuteleza: upepo ukiwa mdogo na injini ikivuta kwa nguvu, tairi huzunguka peke yake juu ya rimu, linaiburuta tyubu, na valvu inang'oka shingoni. Wanaotumia tyubu hulazimika kufunga kibano ndani ya rimu kulizuia tairi, nao ni uzito mwingine kwenye pikipiki ambayo nzima ina kilo kama 70.

Bila tyubu, kazi ya kushika upepo inahamia kwa tairi lenyewe. Kwa ndani limepakwa tabaka la mpira wa aina isiyopitisha hewa kirahisi, na ukingo wake wenye waya umetengenezwa ukae kwa kubana kwenye rimu hata upepo ukiwa kidogo. Kwa hiyo si kila tairi linafaa. Ukichukua tairi la tyubu ukalifunga bila tyubu, litavuja polepole, na siku likichomoka kwenye rimu utaanguka.

Rimu nayo ina neno. Kwenye rimu ya kawaida spoki hupenya hadi ndani, na kila tundu la spoki ni tundu la kuvujisha. Rimu ya nyuma ya traiali huwa na ukuta uliosimama katikati, kwa upande wa nje, spoki zikashikia hapo bila kutoboa sehemu inayohifadhi hewa. Nyingine huzibwa kwa ukanda maalumu wa mpira. Gurudumu la mbele mara nyingi bado lina tyubu. Ni jembamba, inchi 21, na halibebi mvuto wa injini. Mtu akikuambia kwamba traiali ni tyubulesi, muulize anazungumzia gurudumu lipi.

Kuna jambo moja ambalo sisi wa huku milimani linatuhusu kuliko watu wa pwani. Kipimo cha upepo hakisomi hewa yote iliyomo ndani ya tairi. Kinasoma tofauti kati ya ndani na nje. Na hewa ya nje hubadilika kwa urefu wa mahali. Kitulo, kwenye mita kama 2,600, inasukuma kwa psi karibu 11. Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, chini kidogo ya mita 500, inasukuma karibu 14. Jaza psi 5 Kitulo kwenye baridi ya asubuhi, teremka mpaka Matema, na kipimo kitakuonyesha kama 3, hata ukihesabu joto la ziwani linaloivimbisha hewa ya tairi. Rimu itaanza kugonga mawe. Panda kinyume chake, na 5 ya Matema inakuwa kama 7 Kitulo, tairi linadunda badala ya kushika. Bodaboda yenye 30 haiwezi kulihisi badiliko hilo, lakini kwa tairi la traiali ni karibu nusu ya upepo wote. Pima pale unapoanzia kuendesha, si nyumbani. Na usipime kwa kile kipimo cha gereji kinachofika 100 na zaidi, maana 5 yake ni kistari kimoja pembeni ya sifuri. Tafuta kinachoishia 15.

Kulifunga ni kazi inayotaka subira. Mbavu za tairi ni laini, zinalala ndani, na kompresa ikipuliza hewa yote inatokea pembeni. Paka maji ya sabuni kingo zote mbili, toa sindano ya ndani ya valvu hewa iingie kwa wingi, kisha zungushia tairi ukanda wa tyubu kuukuu katikati ya meno yake na uukaze, mbavu zitanuke nje kugusa rimu. Ukingo ukikaa utausikia: paa! na baada ya muda, upande wa pili, paa! Vidole viwe mbali. Usivuke upepo wa mwisho ulioandikwa ubavuni. Zungusha gurudumu uone kama mstari wa ubavu uko sawa na rimu pande zote, ndipo urudishe sindano na ujaze hadi 5.

Shida yake iko porini. Ukitua vibaya kwa ubavu, tairi hucheua: ukingo unaachia kidogo, hewa inatoka kwa mkupuo mmoja, na pampu ya mkono haiwezi kuurudisha. Mimi humshauri kila anayetoka kwenda Makete au Rungwe abebe tyubu moja ya inchi 18, viopoo viwili vya kung'olea tairi, na spana ya nati ya valvu. Unatoa valvu ya tyubulesi, unapitisha ya tyubu kwenye tundu lilelile, unajaza 12 au zaidi ili isibanwe na mawe, na unarudi polepole hadi penye kompresa.