Sashe ya Kadutu haiishii Kadutu: mambo ya kujua kabla mvua haijakolea

Mvua zimeanza, na pamoja nazo yameanza malalamiko ya kila mwaka. Wakaaji wa Ibanda, Kadutu na Bagira, komini tatu za Bukavu, wanauliza kwa nini umeme unakatika hata ziwa likiwa limejaa. Wavuvi wanauliza nani atawaondolea takataka zilizoziba mahali wanapoegesha mitumbwi. Wanaoleta maswali hayo mara nyingi hawajuani, na kila mmoja anadhani la kwake ni peke yake. Ni swali moja, na jibu lake linaanzia kwenye kanivo (mfereji wa maji ya mvua) iliyo mbele ya nyumba.

Hatutaeleza hapa kwamba plastiki, kama sashe (mfuko mwepesi wa sokoni), haiozi. Hilo mtoto wa shule ya msingi analijua. Tutaeleza inapopita, inapokwama, na kila mtu afanye nini nyumbani kwake, kwa sababu hapo ndipo tunapoona hata watu wenye nia njema wakikosea.

Ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutokea, na mlango huo uko hapa Bukavu. Ndiyo Ruzizi. Mvua ikinyesha juu Kadutu, maji hayana njia ila kuteremka: yanafuata kanivo, yanaingia makorongo, yanafika mto Kawa, na Kawa inayamwaga ziwani. Kinachoelea kinasukumwa na upepo mpaka kikute mkondo wa Ruzizi, na kilomita chache tu chini yake kuna bwawa la Ruzizi I, linalofanya kazi tangu mwisho wa miaka ya 1950.

Mbele ya mashine za bwawa hilo kuna vyuma vilivyosimama wima, vimepangwa kama meno ya kitana. Viliwekwa ili magogo na majani yasiingie kwenye turbini. Siku hizi vinazuia chupa za maji, bidoni (madumu) za mafuta zilizotoboka, kandambili, na sashe za sokoni zilizosukana na nyasi hadi huwezi kuzitenganisha kwa mkono mmoja. Vitu vyepesi hukaa juu na kuondolewa kwa mtumbwi. Sashe iliyojaa udongo na chupa isiyo na kifuniko hujaa maji na kuzama, na hizo ndizo zinazosumbua zaidi: wapiga mbizi wamelazimika kushuka hadi mita 14 kuzitoa. Mashine inayohusika lazima isimame wakati huo, maana hakuna mtu anayeweza kuogelea mbele ya turbini inayovuta maji. Kituo kizima kina mashine nne, na nguvu yake yote haifiki megawati 30. Ikisimama moja, mitaa inaingia giza. Kwa hiyo anayetupa sashe kwenye kanivo asubuhi, na jioni analaani kampuni ya umeme, atusikilize vizuri.

Kinachopita pale kinaendelea. Kuna Ruzizi II, ambayo umeme wake unagawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Kisha mto unateremka mpaka Tanganyika, jumla ya kilomita kama 117 kutoka Bukavu. Tanganyika nayo ina mlango mmoja, mto Lukuga unaotokea Kalemie. Lukuga inaingia Lualaba, Lualaba inakuwa mto Kongo, na mto Kongo unaingia Atlantiki karibu na Muanda. Pwani yote ya nchi yetu ni kilomita 40 hivi tu, na hapo ndipo kuna hifadhi ya mikoko iliyoundwa mwaka 1992 na fukwe ambako kasa wa baharini hupanda usiku kutaga mayai. Hatusemi kwamba kila sashe ya Bukavu inafika huko. Nyingi hubaki njiani: kwenye matope, kwenye mizizi, ndani ya maziwa yenyewe. Lakini jua huipasua plastiki ikawa vipande vidogo kuliko punje ya chumvi, na vipande hivyo havizuiliwi na chuma chochote.

Tunajibiwa mara nyingi kwamba ziwa ni kubwa, litajisafisha. Tuwape hesabu. Kivu ina maji yanayokaribia kilomita za ujazo 550. Ruzizi hutoa kama kilomita za ujazo 3 kwa mwaka. Kwa mwendo huo, kuyabadilisha maji yote kungechukua zaidi ya miaka 100. Ziwa hili halijioshi, linatunza. Kila tulichokiweka ndani tangu enzi za mababu, kisichooza wala kutoka kwa Ruzizi wala kuvuliwa, bado kimo.

Wengine wanasema samaki wamepungua kwa sababu ya gesi. Hili tunalisikia hata kwa watu waliosoma, na linatuchosha, kwa kuwa linampa kila mtu ruhusa ya kukaa bila kufanya kitu. Ziwa lina kina cha mita 485. Methani na gesi ya kaboni zimefungwa katika maji ya chini sana. Samaki wanaishi katika mita 60 hivi za juu, kwa sababu chini ya hapo hakuna oksijeni. Chumba cha sambaza, samaki wetu wadogo, ni chembamba kuliko watu wanavyodhani, na wanaokichafua na kukipunguza ni sisi wa juu.

Sambaza wenyewe si wenyeji wa Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959, wakakuta maji ya katikati ya ziwa hayana samaki wa kula chakula kilichomo, wakaongezeka. Wakubwa huishi mbali na nchi kavu, ndiyo maana ekipe (timu) za mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja zinatoka usiku na taa zao. Wadogo hukaa karibu na ukingo, kwenye maji mafupi, kati ya majani na mawe, na ndiko takataka zinakorundikana, ndiko pia moskitere (vyandarua vya mbu) zinakokokotwa. Matundu ya moskitere hayafiki hata milimita 2. Anayeikokota ukingoni hutuambia kwamba amevua "samaki wadogo wa aina nyingine". Hapana. Amevua sambaza ambao ekipe zingewapata miezi michache baadaye, wakiwa wamekwisha kuzaa angalau mara moja. Zaidi ya hapo, moskitere zinazogawiwa bure zimelowekwa dawa ya kundi la pairethroidi. Dawa hiyo haimdhuru anayelala chini yake, lakini kwa samaki na wadudu wa majini ni sumu kali hata ikiwa kidogo mno. Kwa sababu hiyo hiyo, usiifue moskitere ziwani wala mtoni. Ifue katika beseni, mbali na kisima, na maji yake uyamwage kwenye shimo au ardhini ambako hayatateremka kwenye kanivo.

Kuna la hali ya hewa pia. Kati ya Juni na Agosti upepo wa kiangazi hupoza maji ya juu na kuyakoroga. Virutubisho vilivyokaa chini hupanda, mimea midogo ya majini huongezeka, na samaki hushiba. Hewa ikizidi joto, maji ya juu nayo hupata joto, huwa mepesi, na hukataa kuchanganyika na yale ya chini. Katika Tanganyika watafiti walilionyesha hilo tangu 2003: ziwa limepata joto, mchanganyiko umepungua, na chakula cha samaki kimepungua pamoja nao. Baharini jambo ni lile lile. Joto hilo Bukavu peke yake haiwezi kulizuia. Lakini ziwa lililopungukiwa chakula kutoka chini halipaswi kuharibiwa ukingo wake pia, na ukingo uko mikononi mwetu.

Sasa ya nyumbani. Tunaomba magunia mawili, si moja. La kwanza ni la mabaki ya jikoni: maganda ya ndizi na muhogo, majani, majivu yaliyopoa. Hayo ni zaidi ya nusu ya uzito wa takataka za nyumba nyingi hapa, na yakienda shambani au kwenye shimo la mboji, gunia la pili halijai upesi. La pili ni la plastiki kavu. Neno "kavu" lina maana. Sashe yenye mafuta au maji ya nyama hunuka, mbwa huichana, gunia hupasuka, na mvua ya usiku humaliza kazi. Isuuze, ianike, ikunje. Chupa ya maji ikanyage ili itoe hewa, kisha urudishe kifuniko chake. Watu wengi hutupa kifuniko kando. Chupa ya namna hiyo ikiteleza ikafika ziwani huzama, wakati ile iliyofungwa huelea na mtu anaweza kuiokota. Wapo Bukavu mafundi wanaosuka vikapu kwa plastiki iliyookotwa, na kazi yao inawezekana tu ikiwafikia ikiwa safi. Gunia lining'inizwe juu ya ardhi, chini ya paa. Usilitoe nje usiku ukitegemea litachukuliwa asubuhi.

Kuchoma si jibu. Bidoni na mabomba yakichomwa uani hutoa moshi wenye sumu, na kinachobaki ni donge jeusi ambalo mvua italibeba vile vile.

Kuhusu salongo (kazi ya pamoja ya usafi), tunawashukuru wanaojitokeza, lakini namna inavyofanywa mahali pengi ni kazi ya bure. Watu wanakwangua kanivo vizuri, wanatoa matope na sashe, halafu wanavirundika kwenye ukingo wa kanivo hiyo hiyo. Mvua ya kwanza inavirudisha ndani. Rundo liwekwe upande wa chini wa njia, angalau hatua tano kutoka kwenye kanivo, na liondolewe siku hiyo hiyo. Kama hakuna gari wala mkokoteni wa kuliondoa, safisheni sehemu fupi mnayoweza kuimaliza kuliko kukwangua avenyu (barabara ya mtaa) nzima na kuiacha hivyo.

Avenyu kadhaa zimeomba ushauri wa kuweka vyuma vya kuzuia takataka mahali kanivo inapomwaga mtoni. Wazo ni zuri, kwa sharti. Vyuma viwe vimelala kidogo, visisimame wima, ili maji yasukume takataka zipande juu badala ya kuzigandamiza. Wekeni safu mbili: ya kwanza yenye nafasi za sentimita 10 hadi 15 kwa matawi na bidoni, ya pili, mita chache chini yake kwa mkondo, yenye nafasi za sentimita 4 au 5 kwa chupa na sashe. Mkiweka ile finyu peke yake itaziba katika nusu saa ya mvua, na maji yatapanda yaingie nyumba za jirani. Hilo limekwisha kutokea, na tope likiingia kwa watu kilima nacho huanza kuliwa. Kwa hiyo kabla ya kuchomelea chuma hata kimoja, shefu wa avenyu awe na orodha ya majina: nani anasafisha baada ya mvua ya mchana, nani baada ya ile ya usiku. Hakuna orodha, msiweke vyuma.

Upande wa sheria. Msingi ni sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya ulinzi wa mazingira. Dekreti (amri ya serikali) namba 17/018 ya tarehe 30 Desemba 2017 inakataza kutengeneza, kuingiza nchini, kuuza na kutumia mifuko, sashe na vifungashio vingine vya plastiki. Soma vitenzi vyote vinne. Muuzaji anayesema "mnikamatie aliyeniuzia" anataja kitenzi kimoja na kusahau cha kwake. Wala dekreti haikutaja rangi. Hii habari kwamba sashe nyeusi ndiyo marufuku na nyeupe imeruhusiwa haina chanzo chochote isipokuwa sokoni. Kwa sambaza, ndoo yenye mfuniko au majani ya ndizi yanatosha. Karatasi ya mfuko wa simenti msifungie chakula, hata ikikung'utwa: vumbi la simenti hubaki kwenye mikunjo.

Mtu akikutwa na kosa, utaratibu ni huu. Afisa aonyeshe kadi yake ya kazi na barua ya kutumwa kabla ya kugusa kitu. Aandike PV (procès-verbal, karatasi rasmi ya kosa) yenye tarehe, saa, mahali, aina ya mali na kiasi chake kwa kilo au kwa idadi, si "mzigo mmoja". Mali inayochukuliwa iandikwe humo. Isomewe mhusika kwa lugha anayoielewa; mhusika ana haki ya kuongeza maneno yake kabla ya kusaini. Kukataa kusaini hakuiui PV: afisa ataandika kwamba mhusika amekataa, nayo inaendelea. Kama faini ya maelewano inakubaliwa, mhusika hupewa karatasi iitwayo note de perception yenye kiasi cha kulipa, naye hulipa benki na kurudisha bordereau (risiti ya benki). Asipolipa, faili linakwenda parquet (ofisi ya mwendesha mashtaka), na huko mambo hayawi tena mikononi mwetu sisi tunaosimamia sheria hii.

Afisa hapokei pesa mkononi. Si nusu, si "ya maji", si kwa kuwa benki imefunga. Benki ikiwa imefunga, analipa kesho. Anayelipa njiani ili amalize haraka hamalizi kitu: PV yake inabaki wazi, na akikutwa tena atahesabiwa kama mtu aliyekataa kulipa. Tunzeni nakala mbili za bordereau, moja dukani na moja nyumbani, maana ndiyo ushahidi pekee tunaoupokea.