Je, wajua? Mwenye viatu vya magurudumu hujisukuma kando ndipo aende mbele

Barabara ya Raskazone mjini Tanga ni tambarare, ina lami, na alfajiri magari huwa machache. Hapo ndipo pa kuteleza kwa viatu vya magurudumu yaliyopangwa mstari mmoja, na hapo pia ndipo pa kutazama jambo ambalo wengi wetu hulielewa kinyume: mwendo ule hutoka wapi?

Wengi hudhani mtelezaji anaisukuma ardhi nyuma, kama mkimbiaji. Dhana hiyo ina asili yake, hasa katika mji wa baiskeli kama Tanga. Kwenye baiskeli ni kweli tupu: mnyororo unalizungusha gurudumu la nyuma, nalo linaisukuma lami nyuma. Kiatu hakina mnyororo. Magurudumu yake yanazunguka huru, mbele na nyuma. Ukikanyaga na kusukuma nyuma moja kwa moja, mguu ndio unaokimbilia nyuma, mwili unabaki pale pale, na mara nyingi unaishia chini. Hata waliokwisha kuizoea kazi hii, ukiwauliza, baadhi watakuambia wanasukuma nyuma. Basi usiwaulize, tazama pale upepo ulipotandaza mchanga mwembamba juu ya lami. Magurudumu huacha mistari ya mshazari, mmoja ukielekea kushoto, unaofuata kulia.

Wanaojua mashua watalielewa hili upesi. Chombo kikipiga bisho, yaani kikienda mshazari dhidi ya upepo, upepo hukijia ubavuni, nacho husonga mbele. Mkuku, ule ubao mrefu wa chini ya chombo, unakataa kwenda upande, lakini maji hayauzuii kukata mbele, kwa hiyo nguvu ya upepo hupita njia iliyo wazi. Kwenye kiatu, mguu ndio upepo na gurudumu ndilo mkuku. Mtelezaji hugeuza vidole nje kidogo, kisha husukuma kwa ubavu. Gurudumu linaishika lami, halikubali kwenda upande, ila liko huru kufuata mstari wake. Kwa kuwa mstari huo ni wa mshazari, sehemu ya nguvu humpeleka mtu kando na sehemu humpeleka mbele. Mguu wa pili ukifanya hivyo hivyo kwa upande wake, ya kando hufutana na ya mbele hubaki.

Faida yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mkimbiaji lazima kila hatua aukite mguu chini na kuurusha nyuma upesi kama mwili unavyokwenda mbele. Mtelezaji anasukuma huku mguu wenyewe ukiendelea kusafiri. Eliud Kipchoge alipovunja rekodi ya marathoni Berlin mwaka 2022, alitumia saa 2, dakika 1 na sekunde 9. Mbelgiji Bart Swings ameshinda marathoni ya viatu vya magurudumu katika mji huo huo kwa muda usiofika saa moja.

Viatu vya namna hii vilienea katika miaka ya 1980, baada ya ndugu Scott na Brennan Olson wa Minnesota, Marekani, wachezaji wa hoki ya barafu, kuvitengeneza ili wafanye mazoezi hata barafu ikishayeyuka.

Kwa mwili, kusukuma kando huamsha misuli ya ubavuni mwa nyonga na ya makalio, ambayo matembezi ya kawaida huigusa kidogo. Magoti nayo hayapigwi na kishindo cha kila hatua. Ila ukiachia tu viatu vikuserereshe, moyo hupumzika na zoezi linapungua. Sharti uendelee kusukuma. Tena, nafuu ya magoti haihesabu kuanguka. Vifundo vya mikono huumia mara nyingi kuliko viungo vingine, kwa hiyo vaa vikinga-mkono na kofia ngumu.

Kwa anayetaka kuujua mji, mwendo huu ni mtamu mno: una kasi ya kukutoa katikati ya mji hadi ufukweni kabla jua halijakali, na bado unaweza kumwamkia mzee aliyekaa barazani. Lakini gurudumu la milimita 80 hukwama kwenye kokoto ambayo baiskeli haiihisi. Lami ikilowa wakati wa masika, au ikifunikwa mchanga mwingi, gurudumu halishiki tena, na sukumo la kando linapotea bure.

Kusimama nako hutumia ukaidi ule ule wa gurudumu: buruta mguu wa nyuma ukiwa umeukingamisha, uzito ukiuacha kwenye mguu wa mbele, na mwendo utapungua taratibu.