Je, wajua kwa nini simu humnyima mama karanga mkopo wakati wa upepo wa kusi?

Januari, mama karanga, yaani mwanamke anayekaanga na kuuza samaki, wa Likoni, Mombasa, akiomba shilingi 5,000 kwa simu, pesa huingia hata samaki wa kwanza hajageuzwa kwenye karai. Julai huomba 2,000 tu, na jibu huja upesi vilevile: samahani, huna sifa kwa sasa. Hajachelewesha deni hata moja. Kilichobadilika ni upepo.

Mikopo ya simu ilipata nguvu Kenya tangu M-Shwari izinduliwe Novemba 2012, na ombi la kawaida halipiti mbele ya afisa yeyote. Linapita kwenye modeli, yaani hesabu iliyofundishwa kwa rekodi za wakopaji waliotangulia, waliolipa na walioingia mitini. Modeli hutafuta alama zilizowatofautisha makundi hayo mawili, kisha inazitafuta kwako: pesa zinazoingia na kutoka, muda uliotumia laini hiyo, madeni mengine, na kwa baadhi ya programu, SMS za miamala zilizomo simuni. Kila alama ina uzito wake. Jumla ikivuka kiwango alichokiweka mkopeshaji unapewa, isipovuka hupewi.

Sasa tuangalie mauzo ya pwani. Kaskazi inapovuma, kuanzia Novemba hivi hadi Machi, bahari hutulia na ngalawa hutoka. Kusi ikiingia, mawimbi huwabakiza wavuvi wa vyombo vidogo ndani ya miamba, na samaki hupungua sokoni. Tuseme mama huyu huingiza 4,000 kwa siku wakati wa kaskazi na 800 wakati wa kusi. Modeli inayoangalia siku 90 za karibuni tu itaona Julai mapato yaliyo chini kwa asilimia 80 kuliko ilivyoona Januari, na kwake hiyo ni sura ya biashara inayokufa. Lau ingelinganisha Julai hii na Julai iliyopita, ingeona mtu yuleyule, soko lilelile, hali ileile. Kasoro haiko kwenye tarakimu, ziko sahihi. Kasoro iko kwenye urefu wa dirisha, yaani idadi ya siku inazoziangalia, na aliyelipima dirisha hilo huenda hajawahi kununua samaki mwezi wa saba.

Ramadhani nayo ina mtego wake. Biashara nyingi za Mombasa husogea hadi baada ya tarawehe, na pesa huzunguka usiku wa manane. Modeli iliyojifunza kwamba miamala ya saa sita usiku huendana na kamari itamshuku muuza viazi vya karai kwa kosa la kuuza chakula wakati watu wanakula.

Kuna pia suala la majina. Miaka ya mwanzo wapo wakopeshaji waliosema hadharani kwamba mtu anayehifadhi namba kwa jina la kwanza na la ukoo hulipa vizuri zaidi. Huku kwetu simu imejaa Mama Salim, Baba Zuhura, Abdalla Tuktuk, Fundi Friji. Hiyo ni heshima na urahisi wa kumtambua mtu, wala haina uhusiano na uaminifu wa mwenye simu. Mlango huo umezibwa kiasi: tangu 31 Mei 2023 Google inazikataza programu za mikopo kwenye Play Store kusoma orodha ya majina na picha. Programu unayoipakua kwa kiungo ulichotumiwa WhatsApp haifungwi na katazo hilo, kwa hiyo iache.

Lakini ubaya mkubwa haujulikani sana. Modeli ikimpa mkopo asiyelipa, hasara inaonekana vitabuni na modeli inarekebishwa. Ikimnyima ambaye angelipa, hakuna kinachoandikwa popote. Hakukopa, basi hakuna ushahidi kwamba angerudisha. Rekodi za mwaka unaofuata zinakuja bila mama karanga wa Julai hata mmoja, na modeli inazidi kuamini kwamba ilifanya vyema. Dawa inafahamika: mkopeshaji awape mikopo midogo baadhi ya aliokuwa awakatae, aone wangapi wanalipa. Inagharimu, ndiyo maana sioni wakiifanya kwa hiari bila msukumo wa mdhibiti.

Aliyekataliwa hana haja ya kungoja hayo. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinagusa maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake. Mkopeshaji anaweza kujitetea kwamba ulikubali masharti, pamoja na kuamuliwa hivyo, ulipobonyeza, na sheria inampa nafasi hiyo. Hata hivyo, kifungu hichohicho kinasema uarifiwe kwa maandishi pale mashine inapofanya uamuzi wenye athari kubwa kwako, nawe unaweza kuomba ufikiriwe upya, safari hii si na mashine pekee.

Andika barua pepe kwa anwani iliyo kwenye sera ya faragha ya programu. Uliza mambo mawili: mna data gani kunihusu, na je, uamuzi ulifanywa na mashine tu? Kisha omba mtu aupitie upya. Kwa swali la data, kanuni za 2021 zinampa mkopeshaji siku 7 na hazimruhusu kukutoza. Ambatisha taarifa ya M-Pesa ya miezi 12, inayopatikana kwa *334# na kutumwa kwa barua pepe. Miezi mitatu haitoshi, utakuwa umewarudishia dirisha lilelile. Unaweza kuongeza barua ya BMU, kikundi cha wavuvi na wauza samaki kinachosimamia ufuo, ya bandari unakochukua samaki, ieleze msimu unavyokwenda.

Kabla ya yote, kama mkopeshaji si benki, hakikisha kampuni imo kwenye orodha ya wakopeshaji wa kidijitali wenye leseni, ambayo Benki Kuu huichapisha kwenye tovuti yake. Kama haimo, usiipelekee karatasi zako.

Usipojibiwa, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Hakuna ada, na sheria inataka yamalizwe ndani ya siku 90. Kamishna hawezi kumlazimisha mtu akukopeshe, na mkopeshaji akiupitia upya uamuzi bado anaweza kukataa. Faini anaweza kutoza: Septemba 2023 kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, ilitozwa shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba ilizopata kwa watu wengine kutuma vitisho. Kesi hiyo ilihusu usumbufu wa kudai deni. Aliyenyimwa na mashine atatumia mlango huohuo wa malalamiko, ila atalazimika kueleza zaidi, kwa kuwa yeye hana SMS ya matusi ya kuonyesha.