Datsun 240Z ikichemsha: dhana potofu na ukweli

"240Z zote zinachemsha." Gari hili la michezo la Kijapani lilishinda Safari Rally mwaka 1971 kwa Edgar Herrmann na 1973 kwa Shekhar Mehta. Za mashindano ziliandaliwa, sawa, lakini L24, injini ya silinda sita na lita 2.4, haikuzaliwa na ugonjwa. Kinachochemsha leo ni kutu ya miaka hamsini.

"Toa themostati." Hiyo ni vali inayofunguka maji yakipata joto. Kuitoa ni dawa ya kila gereji, na ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Utaambiwa inasaidia maji yakimbie. Mwingine atakuonya usiitoe kwa kuwa maji yakikimbia mno hayapati muda wa kupoa kwenye rejeta. Wote wamekosea. Maji ni yaleyale yanazunguka, yakipita upesi yanarudi upesi. Kazi ya themostati ni kuifikisha injini kwenye joto lake na kuibakiza hapo. Bila hiyo injini inakuwa baridi, inakunywa mafuta na silinda zinalika. Ukiishuku, ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse kitako. Ya nyuzi 82 huanza kuachia hapohapo, taratibu. Maji yakitokota nayo bado imefunga, itupe uweke mpya.

"Weka rejeta kubwa." Kabla ya kutoa pesa, jiulize: inachemka wapi? Kwenye foleni, tatizo mara nyingi ni hewa: angalia klachi inayoizungusha feni, na kava la feni. Ikichemka barabara kuu huku foleni haina shida, fuata maji. Rejeta inaweza kuwa imeziba, au paipu ya chini imelegea, pampu inainyonya mpaka inabonyea. Ukizima injini inarudi umbo lake, kwa hiyo fundi anaiona nzima. Mtu akanyage mafuta, wewe ukodolee macho paipu. Taiming iliyochelewa, yaani plagi zikiwasha kwa kuchelewa, nayo huleta joto, na hapo rejeta haina kosa lolote.

"Maji ya bomba yanatosha." Bloku ni chuma, hedi ni alumini. Bila kulanti (dawa ya rejeta) hedi inaliwa taratibu, na hedi za L24 haziokotwi. Changanya nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa.

"Mfuniko wowote utafaa." Mfuniko wa rejeta wa presha ya pauni 13 kwa inchi ya mraba hufanya hata maji matupu yasichemke mpaka karibu nyuzi 118, ukiwa usawa wa bahari. Nairobi, kwenye sufuria isiyofunikwa, maji huchemka karibu na nyuzi 95. Springi ikichoka, umebaki na sufuria.

"Geji ya joto imepanda, fungua hedi." Pima kwanza nyumba ya themostati kwa kipimajoto cha miale. Ikisoma 85 wakati mshale uko kwenye nyekundu, shughulika na sensa na waya wake.