Vespa Iliyopinda Nyuma: Dhana Potofu za Gereji na Ukweli wa Bati

Anayetafuta vespa iliyotumika hapa Unguja hachelewi kukutana na ile iliyogongwa nyuma: taa imeelekea juu, kibao cha namba kimejikunja, na muuzaji anaapa kwamba ni bodi tu, injini haijaguswa. Bei yake huwa ya kuvutia, na ushauri wa namna ya kuitengeneza hutolewa bure na kila anayepita. Kasoro ya ushauri huo ni kwamba mwingi umetokana na mazoea ya pikipiki za kawaida, ilhali vespa haikuundwa kama pikipiki ya kawaida. Ninayoyaeleza hapa yanahusu hasa PX, aina iliyoanza kutoka kiwandani Pontedera, Italia, mwaka 1977, pamoja na jamaa zake wa India, LML na Bajaj Chetak, ambazo mpangilio wa sehemu ya nyuma unafanana nayo kwa kiasi kikubwa.

"Bodi ni pambo tu, chesisi iko ndani"

Ndani hakuna chesisi. Corradino D'Ascanio, aliyeichora vespa kwa ajili ya kampuni ya Piaggio, alikuwa mhandisi wa ndege, na hataza (hati ya kulinda uvumbuzi) iliyowasilishwa Florence tarehe 23 Aprili 1946 ilihusu chombo ambacho bati lake lililobanwa kwa presi na kuchomelewa ndilo linalobeba kila kitu. Mfano wake ni kaa wa pwani: hana mifupa, gamba ndilo linaloshikilia nyama na miguu. Kwa hiyo anayesema kwamba bati la vespa likijikunja si neno, kwa kuwa uti wa mgongo uko salama, anazungumzia uti wa mgongo usiokuwepo.

Dhana hii ina chimbuko la kweli. Skuta nyingi za siku hizi, zikiwemo za Honda na Yamaha, zina fremu ya mabomba iliyovishwa plastiki, na hizo plastiki kweli ni pambo. Unaweza kuzivua zote na skuta ikaendelea kutembea. Fundi aliyezoea hizo akishika PX hukosea kwa nia njema.

"Gurudumu la nyuma likilala upande, bodi imepinda"

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, na mimi mwenyewe nilikaribia kuzipoteza. PX yangu ya kwanza ilikuwa ikivuta upande, na ukiitazama kwa nyuma uliona wazi kwamba tairi limelala. Mkia wake ulikuwa umegongwa, hivyo fundi wa kwanza hakuwa na shaka: alitaka kuukata wote na kuchomelea mwingine kutoka kwenye vespa iliyokufa. Nilimwomba siku moja ya kufikiri, nikaenda kuazima ubao ulionyooka kwa seremala.

Ili kuelewa kwa nini ubao ulinisaidia, ni lazima kwanza kujua gurudumu hilo linashikwa na nini. Vespa haina mnyororo wala mkono wa nyuma kama wa pikipiki. Injini yenyewe, pamoja na giaboksi yake, ndiyo mkono: mbele imeshikwa na bolti moja ndefu inayopita kwenye matundu mawili ya bodi, nyuma inaegemea shokapu, na gurudumu limefungwa moja kwa moja kwenye shafti inayotoka ndani yake. Mwelekeo wa gurudumu basi unaamuliwa na matundu ya bolti, bushi za mpira zinazoizunguka bolti hiyo, kasha la injini, beringi na shafti, habu, na mwisho ringi. Katika vitu vyote hivyo, bodi inahusika kwenye yale matundu mawili tu.

Uchunguzi hauhitaji mashine. Weka vespa kwenye stendi ya kati, gurudumu la nyuma liwe juu, kisha lishike tairi kwa mkono mmoja juu na mwingine chini, ulisukume na kulivuta. Gurudumu likicheza huku injini imetulia, kasoro imo kwenye beringi, au nati ya habu imelegea na meno ya shafti yameanza kulika. Nati hiyo hukazwa kwa Nm (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 90 hadi 110, kiwango ambacho mkono uliochoka jioni haukifikii kwa kubahatisha. Injini nzima ikicheza pamoja na gurudumu, basi bushi ndizo zilizochoka. Baada ya hapo lizungushe gurudumu huku umeshikilia kalamu karibu na ukingo wa ringi: nafasi kati ya kalamu na ringi ikipanuka na kubana kila mzunguko, ringi limepigwa na mashimo ya barabarani. Ringi la PX ni vipande viwili vilivyofungwa pamoja kwa nati, na ni lazima upepo utolewe wote kabla ya kuzigusa nati hizo, kwa sababu tairi lenye upepo linaweza kuvirusha vipande hivyo usoni mwa anayefungua.

Kwangu mimi ilikuwa bushi. Mpira wa upande mmoja ulikuwa umelainika kama sabuni iliyosahauliwa majini, na bolti ilikuwa imejilaza ndani yake. Tairi la mbele na la nyuma la PX ni saizi moja, 3.50-10, hivyo ubao ulionyooka ukilazwa ubavuni mwa yote mawili unapaswa kuyagusa kwa namna ileile. Kabla ya kubadilisha bushi, nafasi iliyobaki kwenye tairi la nyuma ilipitisha kidole. Baada ya kubadilisha, haikupitisha hata karatasi ngumu. Mkia uliogongwa niliuacha vilevile kwa miaka miwili, na kibao cha namba kilichojikunja hakikuizuia vespa kwenda moja kwa moja.

Bushi hizo zisitolewe kwa nyundo, kwa kuwa kasha la injini ni la alumini na masikio yake huvunjika. Huvutwa taratibu kwa bolti ndefu, washa nene na kipande cha bomba, na mpya huingizwa kwa njia hiyohiyo. Bolti ya injini ikazwe mwisho, baada ya vespa kushushwa na kusimama kwa magurudumu yake; ikikazwa gurudumu likiwa linaning'inia, mpira utakuwa umeshasokotwa kabla ya safari ya kwanza.

"Palipojikunja sana ndipo penye hatari"

Mara nyingi ni kinyume chake. Sehemu ya bodi iliyo nyuma ya shokapu haibebi uzito mkubwa. Kazi yake ni kushika taa, kibao na kuzuia matope. Inaweza kuonekana vibaya sana na bado isiathiri uendeshaji, alimradi haigusi tairi pale shokapu inapobonyea, jambo ambalo lipimwe watu wawili wakiwa wamekaa kitini.

Panapostahili hofu ni mahali pasipoonekana bila kuvua ubavu, yaani kifuniko cha bati cha pembeni, na tanki. Chunguza bati linalozunguka matundu ya bolti ya injini, kwa kuwa mkunjo mdogo hapo hulipeleka gurudumu pembeni. Chunguza pia pale ncha ya juu ya shokapu inapofungwa, maana kishindo cha kugongwa nyuma hupitia hapo, na chini yake litazame sikio la kasha la injini linaloshika ncha ya pili. Ufa kwenye alumini ni mwembamba kama unywele na hujificha chini ya mafuta na vumbi, hivyo pasafishwe kwa petroli na brashi kwanza. Muuzaji aliyesema injini haijaguswa huenda hasemi uongo. Huenda hakupasafisha tu.

Kwenye visiwa vyetu kuna jambo la ziada, nalo ni chumvi. Bati lililojikunja hupasua rangi yake kwenye mkunjo, na hewa ya bahari hufanya kazi yake hapo kuanzia siku hiyohiyo. Vespa iliyogongwa miaka mitatu iliyopita na kuachwa uani inaweza kuwa na mkunjo mdogo na kutu kubwa, na bati lililoliwa halinyooki bali huchanika.

"Bati lichomwe hadi liwe jekundu, litanyooka lenyewe"

Moto wa gesi hulainisha bati, hilo ni kweli, lakini bati jembamba likipata joto sehemu moja hutanuka, likipoa hujikunyata, na matokeo yake ni mawimbi ambayo hayakuwepo kabla ya ajali. Njia inayofaa ni ya baridi na ya polepole. Bodi iliyovuliwa kila kitu hufungwa kwenye chuma kizito kisichotikisika, fimbo iliyonyooka hupitishwa kwenye matundu ya bolti ya injini ili isaidie kuonyesha mwelekeo, kisha mkia huvutwa kwa mnyororo na jeki kuelekea kinyume cha ulikotoka mgongano. Huku mnyororo ukiwa umekaza, nyundo ya mbao hugongwa kwa upole kuzunguka mkunjo. Chuma kina tabia ya kurudi nyuma kikiachiwa, kwa hiyo huvutwa kupita kidogo mahali kinapotakiwa kukaa. Mkunjo uliotokea mwisho wakati wa ajali ndio huvutwa kwanza.

Palipochanika patachomelewa, na kabla ya kuchomelea, tundu dogo la milimita 3 litobolewe mwishoni mwa ufa ili usiendelee kukimbia. Mchomeleaji aruke huku na huko, nukta moja hapa na nyingine kule, asiburute mstari mrefu kwa pumzi moja.

Tanki la PX hukaa ndani ya bodi hiyohiyo, chini ya kiti. Nimewahi kumwona mtu akimwaga petroli yote kisha akasema sasa ni salama kuchomelea. Tanki tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa ndio unaolipuka. Litolewe pamoja na mipira yake na lipelekwe mbali, na waya za betri na za kifaa cha CDI, kinachoendesha cheche ya plagi, zichomolewe kabla ya welding ya umeme.

"Puti itamaliza kazi"

Puti hujaza alama za nyundo na haibebi mzigo wowote. Ikipakwa nene juu ya mkunjo wa sehemu inayobeba uzito, itapasuka na kubanduka mara barabara itakapoanza kuitikisa. Kwa mnunuzi, sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa chembamba inatosha: itembeze kutoka kwenye ubao wa miguu hadi kwenye taa ya nyuma, na pale inapokataa kushika, uliza.

"Kata nusu ya nyuma, weka ya vespa nyingine"

Kazi hii inawezekana kwa fundi mwenye fremu ya kupimia, na ni balaa kwa asiyekuwa nayo, kwa kuwa kosa dogo kwenye mshono hukua kadiri unavyoelekea kwenye gurudumu. Aidha, namba ya chesisi ya PX imepigwa kwenye bati la bodi yenyewe, upande wa injini, chini ya ubavu. Anayekata bila kuangalia anaweza kuitupa namba yake kwenye vyuma chakavu na kubaki na ya chombo cha mtu mwingine, isiyolingana na kadi ya usajili, na maelezo yake mbele ya askari wa barabarani yatakuwa marefu.

"Ikionekana imenyooka, imenyooka"

Jicho hudanganywa na rangi mpya, na stendi ya kati nayo hudanganya ikiwa sakafu ya bodi imepinda, kwa sababu vespa itasimama imeinama hata kama mkia umekaa sawa. Timazi ishushwe katikati ya nguzo ya usukani na nyingine katikati ya mkia, chombo kikiwa kimesawazishwa kwa pima maji, na uzi uvutwe kati ya alama hizo mbili chini. Uma wa mbele nao uhakikiwe, kwani uma uliopinda hufanya gurudumu la nyuma lisilo na kosa lionekane na kosa.

Upimaji wa mwisho hufanyika kwenye sakafu ya saruji iliyo kavu. Jaza upepo kwanza, bar 1.25 mbele na 1.75 nyuma kwa mtu mmoja, lowesha matairi yote mawili, kisha isukume vespa polepole kwa mstari ulionyooka, usukani ukiwa umetulia. Alama ya tairi la nyuma inapaswa kulala juu ya ile ya mbele. Ikipita pembeni yake, rudi kwenye bolti ya injini kabla ya kumlipa fundi wa rangi.